Lango la Lukuga na Barafu ya Kusini

Katika makanisa yetu ya Kasulu, habari ya bahari kupanda ikitajwa, majibu huwa mawili, na yote mawili huja na Biblia mkononi. La kwanza ni la Mwanzo sura ya 9: Mungu aliweka upinde wa mvua mawinguni na kuahidi kwamba gharika haitaiangamiza tena dunia. La pili ni la Mhubiri sura ya 1, pale Mhubiri anaposema kwamba mito yote huingia baharini na bahari haijapata kujaa. Anayetoa majibu haya hukaa chini akiwa ameridhika, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Lipo na jibu la tatu, ambalo halisemwi kanisani bali nyumbani, watu wakisubiri ugali: sisi tuko juu. Mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Bahari ya Hindi iko mbali kupita kilometa elfu moja. Maji ya bahari yatapita njia gani mpaka yafike Murubona au Heru Juu?

Nataka kuyashughulikia majibu haya yote, lakini nianzie kwenye maji tunayoyafahamu, yaani ziwa lililo chini yetu, linalotupa dagaa na migebuka. Historia ya ziwa hilo katika karne ya 19 inafundisha jambo moja kuhusu maji na vizuizi vyake ambalo wanasayansi wa barafu walikuja kulieleza miaka mia moja baadaye. Na waliokuwepo kulishuhudia walikuwa, miongoni mwa wengine, wamisionari.

Tuanze na njia ya maji. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Kasulu, Kibondo na Kakonko haipotei. Sehemu kubwa huishia katika mto Malagarasi, ambao unaanzia huko mpakani na Burundi, unazunguka kama upinde kupitia mabwawa ya Moyowosi, kisha unageukia magharibi, unapita Uvinza penye visima vya chumvi ambavyo babu zetu walivifuata kwa miguu, na kuingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma. Ziwa hilo lina mito mingi inayoingia. Unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, karibu na mji wa Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba ndio mto Kongo, na Kongo unamwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka juu ya bati la kanisa Kasulu laweza kufika baharini, ingawa si bahari ile ya Dar es Salaam.

Sasa, katika miaka ya 1850 wageni kutoka Ulaya walipoanza kufika ziwani, hakuna aliyeweza kuwaonyesha mto unaotoka. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Ujiji ulikuwa mji wa biashara katika nchi ya Bujiji, ambayo ni sehemu ya Buha yetu, wenye wafanyabiashara kutoka Unguja na Oman, soko kubwa, pembe za ndovu, chumvi, mawese, na kwa huzuni yetu, watumwa. Burton alitamani sana kujua kama mto Rusizi wa upande wa kaskazini unaingia ziwani au unatoka. Hakufika. Mwaka 1871, baada ya Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji, wawili hao walipanda mtumbwi mpaka kaskazini na kuona kwa macho yao kwamba Rusizi unaingia. Fumbo likazidi. Ziwa kubwa kama lile, lenye maji yasiyo na chumvi ya kusumbua, mito inaingia kila upande, na hakuna panapotokea?

Mwaka 1874 akaja Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alilizunguka ziwa upande wa kusini na kufika Lukuga. Chifu wa hapo alimwambia wazi kwamba maji yale huelekea Lualaba, na kwamba watu wake wanaijua njia hiyo. Cameron aliingia mtoni kwa mashua, akaenda maili chache, akakwama. Mbele yake kulikuwa na majani na matete yaliyosongamana, yakielea juu ya maji kama godoro nene. Alirudi akiamini kwamba ameona mlango, ingawa ulikuwa umefungwa.

Stanley alirudi mwaka 1876 na kulizunguka ziwa lote. Hakukubaliana na Cameron moja kwa moja, kwa sababu alipopima mwendo wa maji Lukuga aliona kama yamesimama. Lakini aliona jambo jingine lililomshtua, naye aliliandika. Pale Ujiji, miti mitatu ya jamii ya mchikichi aliyoiacha imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, futi kama mia moja kutoka ufukweni. Ziwa lilikuwa linapanda. Stanley akaunganisha mambo mawili: maji yanapanda kwa sababu mlango umeziba, na siku yatakapofika juu ya kizuizi, kizuizi kitaondoka na mto utakimbia. Alisema ni suala la miaka michache.

Nisimame kidogo hapa. Katika vitabu vya shule sifa ya kugundua hupewa msafiri. Lakini ukisoma kwa makini utaona kwamba kila mmoja wao alitegemea maneno ya wenyeji: chifu wa Lukuga aliyesema maji yanakwenda Lualaba, na watu wa Ujiji walioona nyumba zao zikifuatwa na maji mwaka hadi mwaka. Wao hawakuwa na vipimo, ila walikuwa na kumbukumbu. Tofauti ya kweli ilikuja pale mtu mwenye kipimo alipokubali kukaa.

Mtu huyo alikuwa Edward Coode Hore, baharia wa Shirika la Misioni la London. Shirika hilo lilianzisha safari ya Tanganyika baada ya tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, kutoa pauni 5,000 kwa ajili ya kazi ya Injili kando ya ziwa hili. Ilikuwa safari ya misiba. Hore na mwenzake, J. B. Thomson, walifika Ujiji Agosti 1878, na mwezi uliofuata Thomson akafa. Mwaka 1879 alifika Dodgshun, naye akafa baada ya siku chache. Mwaka huohuo katibu wa shirika, Joseph Mullens, aliyetoka Uingereza kuja kuwatia moyo, alikufa njiani karibu na Mpwapwa. Hore alibaki. Hakuwa mchungaji aliyewekewa mikono. Alikuwa nahodha, na macho yake yalikuwa macho ya nahodha. Aliangalia upepo, kina cha maji, na alama ya maji ufukweni.

Mwaka 1879 Hore alivuka mpaka Lukuga. Godoro la majani alilolikuta Cameron halikuwepo tena. Alikuta mto wa kweli, wenye nguvu, unaokimbilia magharibi na kuyatoa maji ya ziwa. Mwishoni mwa mwaka huo msafiri mwingine, Joseph Thomson, ambaye si yule marehemu wa Ujiji, alifika akaona vilevile. Mlango ulikuwa umefunguka. Stanley alikuwa amekisia sawasawa.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani mtu yeyote. Wataalamu wanakadiria kwamba kuanzia kilele cha mwaka 1878, katika muda wa miaka kama 15 hivi, ziwa lilishuka karibu mita 10. Jaribu kuona ukubwa wake: mita 10 ni zaidi ya kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na ziwa lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 32,900. Mwalo wa Ujiji ukakimbia. Anayekwenda leo kwenye ukumbusho wa Livingstone, mahali wenyeji wanapopaonyesha kuwa ndipo walipokutana na Stanley, anashangaa kwamba ziwa liko mbali, na kwamba katikati pana nyumba, mashamba na barabara. Watoto wa shule wanaoletwa pale huuliza kwa nini wazee wanasema ziwa lilikuwa karibu. Wazee wanasema kweli.

Sasa tutoke ziwani twende mbali sana, ila tubaki na picha ya lile godoro la majani.

Barafu nyingi ya dunia iko mahali pawili: Greenland kaskazini, na Antaktika kwenye ncha ya kusini. Wengi wetu tunajua barafu ya Kilimanjaro, na ni kweli imepungua vibaya, zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Lakini barafu ya Kilimanjaro ni ndogo mno. Ikiyeyuka yote bahari haitajua. Ile ya Greenland ina maji ya kutosha kuinua bahari zote za dunia kwa mita 7 hivi. Ile ya Antaktika ina maji ya mita zaidi ya 50. Na tuelewane: barafu inayoelea tayari juu ya bahari haipandishi maji ikiyeyuka, kama vile kipande cha barafu kilicho ndani ya glasi ya soda hakifanyi glasi imwagike. Kinachopandisha bahari ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu inapoteremka na kuingia majini.

Mwaka 1978, miaka mia moja kamili baada ya Hore kufika Ujiji, mtaalamu wa barafu wa Marekani aitwaye John Mercer aliandika makala katika jarida la Nature. Alisema kwamba barafu ya magharibi mwa Antaktika imekaa vibaya. Sehemu kubwa ya kitako chake iko chini ya usawa wa bahari, na kinachoizuia isiteleze ni mabamba makubwa ya barafu yanayoelea mbele yake na kushikilia kingo, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Dunia ikiendelea kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta, alisema, mabamba hayo yatavunjika, na dalili ya kwanza itaonekana kwenye ile rasi inayoelekea kaskazini. Wengi waliona anatisha watu bure.

Mwaka 1995 bamba moja kwenye rasi hiyo, Larsen A, lilivunjika. Mwaka 2002 likafuata Larsen B, lenye ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 3,000, likasambaratika katika muda wa wiki chache huku satelaiti zikipiga picha. Kuvunjika kwenyewe hakukuinua bahari, kwa kuwa lilikuwa linaelea. Lakini mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake, ambayo sasa haikuwa na cha kuizuia, iliongeza mwendo kuelekea baharini mara kadhaa. Hivyo ndivyo Lukuga ulivyofanya. Kizuizi kinaweza kusimama miaka mingi huku mambo yakionekana tulivu, mtu akipima anaona maji yamesimama, kama Stanley alivyoona. Kisha kikiondoka, hakiondoki kidogo kidogo. Leo wanasayansi wanautazama kwa hofu mto wa barafu uitwao Thwaites, huko huko magharibi mwa Antaktika, kwa sababu kizibo chake kinaliwa na maji ya vuguvugu kutoka chini.

Hapa nitafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuihakiki. Ziwa Tanganyika liliposhuka mita 10 lilitoa maji ya kilometa za ujazo zipatazo 329, ambazo ni tani bilioni 329. Tuseme yote yalifika Atlantiki kupitia mto Kongo. Ili kupandisha bahari zote za dunia kwa milimita moja zinahitajika tani bilioni 361 hivi. Kwa hiyo tukio lile lote, lililosogeza ufukwe wa Ujiji na kubadili ramani ya ziwa, liliinua bahari pungufu ya milimita moja. Hilo linaweza kutufariji, mpaka tuangalie upande wa pili wa hesabu. Tangu satelaiti zilipoanza kupima uzito wa barafu mwaka 2002, Greenland peke yake imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka. Lukuga ulihitaji miaka 15. Greenland inakaribia kutoa kiasi hicho kati ya Pasaka moja na nyingine, na hapo hatujaihesabu Antaktika.

Ndiyo maana bahari imepanda kwa sentimeta 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi. Si barafu tu. Maji yakipata joto hutanuka. Ripoti hiyo inaona kwamba kufikia mwaka 2100 bahari inaweza kupanda kwa sentimeta 28 hadi 55 kama dunia itapunguza moshi sana, na sentimeta 63 hadi mita moja kama haitapunguza. Tena inakiri kwamba barafu ikifanya haraka kuliko inavyotarajiwa, kiasi kikubwa zaidi hakiwezi kuondolewa kwenye hesabu.

Je, hili linatuhusu sisi wa milimani? Linatuhusu kwa njia ya watu wetu. Katika enzi ya mkoloni Buha ilikuwa nchi ya kutoa manamba. Vijana walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na si wote waliorudi. Koo nyingi za Kasulu na Kibondo zina ndugu ambao kaburi la babu yao liko Muheza au Korogwe. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 njia ya pwani ikawa fupi zaidi, na mpaka leo kijana wa Kasulu akimaliza shule huota Kariakoo. Anapofika mjini hapangi chumba mahali pa juu penye kodi kubwa. Anapanga bondeni. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilipofurika, zaidi ya watu 40 walikufa Dar es Salaam na serikali ikahamisha familia kwenda Mabwepande. Yale yalikuwa maji ya mvua, si ya bahari. Lakini mto unaokuta bahari imejaa mdomoni mwake hautoi maji upesi, na kila sentimeta ya bahari inayoongezeka inalifanya bonde lile lichelewe zaidi kukauka.

Pwani yenyewe imeshaonja. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, bahari ilikula ufukwe mpaka hoteli ya Africana ikaachwa. Katikati ya jiji, kando ya barabara ya ufukweni iliyopewa jina la Barack Obama, serikali kwa msaada wa Umoja wa Mataifa imejenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Kilwa Kisiwani, mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331 na kuusifia, kuta za ngome ya Gereza zimeporomokea baharini, na Unesco iliweka magofu yale kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Si yote hayo yaletwayo na barafu. Mikoko imekatwa, mchanga umechimbwa, mikondo imebadilika. Ninayataja kwa sababu mtu mwaminifu hapaswi kulitupia jambo moja lawama zote. Bahari inayopanda hukuta ufukwe ambao tayari tumeshaudhoofisha wenyewe.

Na bahari imewahi kuwa juu zaidi. Mawe ya matumbawe ambayo juu yake mji wa Mombasa umejengwa ni miamba iliyoota chini ya maji, zamani za joto kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu ya ilivyo leo kwa mita kadhaa. Tena, katika enzi za barafu nyingi bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Mtu angeweza kutoka Bagamoyo kwenda Unguja kwa miguu. Pemba haikuungana, kwa kuwa mkondo wake ni wa kina kirefu mno. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba mpaka wa bahari umepigiliwa misumari.

Nirudi kwenye Maandiko, maana hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia.

Agano la Mungu na Nuhu ni la kweli na sina nia ya kulipunguza. Lakini tulisome lilivyo. Mungu aliahidi kutowaangamiza wote wenye mwili kwa gharika. Hakuahidi kwamba hakuna mji utakaofunikwa na maji. Kama ahadi ingekuwa hiyo, ingevunjwa mara nyingi mno, na walioombolezea ndugu zao Jangwani mwaka 2011 wangekuwa na haki ya kumshtaki Mungu. Kulitumia agano kama hati ya bima ya viwanja ni kulifanya liseme kisichosemwa. Tena tukumbuke kwamba Nuhu mwenyewe hakuokolewa kwa kupuuza habari. Aliambiwa, akaamini, akachukua shoka.

Kuhusu Mhubiri, nadhani watu humkata katikati. Hasemi tu kwamba bahari haijai. Anaendelea kusema kwamba mito hurudi mahali ilikotoka ili itiririke tena. Anaeleza mzunguko: maji hushuka, hupanda, hurudi. Bahari haijai kwa sababu kinachoingia ndicho kilichotoka. Sasa barafu ya Greenland na Antaktika ni nini? Ni maji yaliyotoka baharini zamani za kale, yakapanda kama mvuke, yakaanguka kama theluji, na hayakurudi. Yalizuiliwa juu ya nchi kwa maelfu na maelfu ya miaka. Miji yote ya pwani, kuanzia Kilwa mpaka Mombasa, imejengwa wakati maji hayo hayapo baharini. Mhubiri hapingani na wanasayansi hata kidogo. Anasema maji hurudi, na wao wanasema yameanza kurudi.

Swali la haki haliwezi kukwepwa. Moshi unaoyeyusha barafu haukutoka Kasulu. Umetoka zaidi viwandani na kwenye magari ya nchi tajiri, kwa zaidi ya miaka 150. Mkulima wa maharage wa Kibondo hana sehemu kubwa katika dhambi hii, na kumhubiria kana kwamba yeye ndiye mkosaji mkuu si uaminifu. Hata hivyo misitu yetu ya miombo inakatwa kwa mkaa na kuni, na vijito vinavyoingia Malagarasi vinabeba udongo mwekundu kuliko zamani. Hilo ni letu.

Tena ziwa lenyewe halijatulia. Baada ya mvua kubwa za 1961 na kuendelea lilipanda mpaka kilele cha mwaka 1964. Katika miaka ya hivi karibuni limepanda tena. Bujumbura na kitongoji chake cha Gatumba vimefurika zaidi ya mara moja, na mwaka 2024 maji yalifika karibu na alama ile ya 1964. Maelfu ya watu walihama, na kwa upande wetu wa Kigoma nyumba na mialo iliyo karibu na ufukwe iliingiliwa na maji. Baadhi ya wakimbizi waliopokelewa Nyarugusu na Nduta wana jamaa katika maeneo hayo. Walikimbia vita, na sasa wanapigiwa simu kuambiwa kwamba nyumba waliyoiacha imo majini.

Ila ziwa lina Lukuga. Likijaa sana, lina pa kutokea, na miaka ikiwa ya ukame litashuka. Bahari haina Lukuga. Hakuna upande wa magharibi wa bahari ambako maji yatakimbilia. Maji yakishatoka juu ya Antaktika kuingia baharini, kuyarudisha kunahitaji theluji ya maelfu ya miaka.

Nimeona viwanja vinavyotolewa kwa ajili ya makanisa mapya kando ya ziwa, na nina jambo la kuwauliza wanaovipokea, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wa kitabu hiki wamo kwenye kamati hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Lakini ardhi kubwa tambarare ya ufukweni, Ujiji ikiwamo, ni ile ambayo ziwa liliiacha baada ya 1878. Wazee wa sasa hawakuiona ikiwa majini, wala wazazi wao. Fundi anapofika na kamba yake kupima zile mita 60, apime kutoka maji ya mwaka gani: ya mwaka huu, ya 1964, au yale aliyoyakuta Hore?